Gesi ya Kumpasha Aulis

Mume wangu Aulis hajawahi kusikia baridi. Hivyo ndivyo alivyoniambia siku tulipojuana, amesimama kwenye theluji iliyomfika magotini, hana kofia, nami kwa ujinga wa ujana nikadhani nimeokota dume. Nilikaa naye miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba dume hilo husikia baridi kama kuku aliyenyonyolewa, ila ulimi wake hauwezi kulitamka neno lenyewe. Ukimuuliza yu hali gani anajibu, "Kawaida." Atoke kwenye maji ya barafu midomo imekuwa rangi ya zambarau, bado ni kawaida. Mwaka aliovunjika mkono, daktari alimuuliza maumivu yakoje, nikamjibia mimi kabla hajafungua mdomo, maana jibu nalijua kwa moyo.

Usidhani ni yeye peke yake. Chama chetu cha wazamiaji hapa Kalkkivaara kimejaa watu wa aina hiyo tupu. Tunazamia kwenye mgodi wa zamani wa chokaa ambao pampu zake zilizimwa siku nyingi, ukajaa maji maangavu ambayo hata gazeti ungeweza kulisoma chini kule. Reli za mabehewa bado zimo, ngazi zimo, na chini kabisa kuna chumba ambamo wachimbaji walikuwa wakila chakula chao cha mchana. Misumari ya kutundikia makoti ingali ukutani. Baba yake Aulis alitundika koti lake pale. Kila mwaka, maji yakiisha kuganda juu, tunakata tundu kwenye barafu kwa msumeno, Aulis anashuka, anakaa kidogo chumbani humo, anarudi. Anafanya nini mle hajapata kusema, na mimi sikuwahi kumuuliza. Kazi yangu ni kushika kamba.

Maana anayezamia chini ya barafu hufungwa kamba, na mtu wa juu hushika ncha yake ya pili. Mvuto mmoja ni kusema niko salama. Miwili, niachie kamba. Mitatu, narudi. Minne, nivuteni. Huo wa minne umo kwenye kanuni zetu tangu chama kianze, na hapajatokea hata mtu mmoja aliyeutumia. Wenzangu wanajivunia jambo hilo na hulisimulia kwa wageni. Mimi lilikuwa likininyima usingizi.

Sasa, mwanzoni mwa majira ya baridi yaliyopita Aulis alitoka majini akashindwa kufungua klipu ya kamba iliyo begani mwake mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alisimama mbele yetu akiipapasa ile klipu, anapapasa tu, na wenzake kwa adabu wakageuka kutazama miti. Mwisho nilimfungulia mimi. Ensio, mwenyekiti wetu, mtu mwenye masharubu makubwa na huruma isiyojua pa kutokea, aliitisha mkutano akapitisha kanuni mpya: atakayesikia baridi hadi imshinde nguvu ataondolewa kwenye orodha ya wanaozamia chini ya barafu. Alisema ni mpaka majira ya joto. Aulis ana miaka sitini na tisa. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba mtu wa umri ule akishatolewa harudi.

"Ila kwa hili la Aulis tusiharakishe," Ensio akaongeza, macho kwenye kikombe chake. "Huenda tatizo si mtu. Huenda tatizo ni gesi."

Wazimu ulianzia pale.

Mambo yenyewe ni mepesi. Mzamiaji wa huku kwetu huvaa suti isiyoingiza maji, na ndani yake nguo za sufu. Kadiri anavyoshuka, maji humbana, suti ikamganda mwilini na kumfinya. Kwa hiyo lazima ajaze gesi kidogo ndani ya suti kwa kubonyeza kidude kilicho kifuani, nayo gesi hutoka kwenye mtungi mdogo wa ubavuni. Si gesi ya kupumua hiyo, ni ya kukaa tu kati ya ngozi na baridi. Watu wengi duniani hujaza hewa ya kawaida, wakazamia, wakazeeka, wakafa vitandani mwao. Lakini hewa ya kawaida ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba huwezi kuifanyia mkutano.

Tukafanya mikutano. Tulikutana kwenye kibanda chetu kando ya mgodi, kahawa jikoni, mikate mitamu ya iliki mezani, na kila mtu amekuja na gesi yake moyoni.

"Argoni," alisema Raili, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma na anayo mitungi ya argoni kazini kwake. "Ni gesi nzito, tena mvivu. Joto likitaka kutoka mwilini linamkuta kalala mlangoni."

"Heliamu," alisema Teuvo.

"Teuvo, heliamu inapitisha joto kama mlango ulioachwa wazi. Utakufa."

"Ndiyo ghali kuliko zote. Kitu ghali hakiwezi kuwa kibaya."

"Basi kajaribu."

"Nitajaribu. Wewe umewahi kuijaribu?"

"Hata sabuni sijawahi kuila," Raili alisema, "ila najua."

Teuvo akajaribu kweli. Alichukua mtungi uliobaki kwenye sherehe ya mjukuu wake, ule wa kujazia maputo, akaenda nao chini. Alirejea upesi kuliko ilivyo desturi yake, meno yakigongana hadi tukayasikia tukiwa mbali. Alipolegeza ukosi wa suti, gesi ikampanda usoni, akaivuta puani. Ensio akamuuliza amejisikiaje. Teuvo akajikaza, akainua kidevu, akajibu kwa sauti ya kifaranga, "Kawaida." Tukaandika kawaida.

Ensio naye hakutaka kuonekana mwoga. Alijaribu ile gesi inayotia mapovu kwenye soda, kwa kuwa alisoma mahali kwamba nayo ni nzito. Hakujua kwamba ikichanganyika na jasho hugeuka tindikali. Alijikuna juma zima kama mtu aliyelalia upupu, akawa anahutubia mikutano huku ameegemea nguzo ya mlango na kujisugua mgongo taratibu, juu chini, juu chini. Aliulizwa. Unajua alijibu nini.

Muda wote huo Ilkka alikuwa kimya. Ilkka ndiye mtunza sauna yetu, kile chumba cha kuogea mvuke, na hapa hicho ni cheo kikubwa kuliko uenyekiti. Aliacha watu waseme, wachoke, halafu akaweka kikombe chini.

"Mnahangaika na gesi za ugenini," alisema. "Hebu niambieni. Mtu wetu akitaka kujipasha moto huenda wapi?"

"Sauna," alijibu Ensio.

"Basi."

"Basi nini?" aliuliza Raili.

"Tujaze mvuke wa sauna."

Nilisubiri kicheko. Nilikuwa nimeshaanza kukiandaa changu. Lakini hakucheka mtu, na Ensio aliacha hata kujikuna. "Endelea, ndugu yangu," alisema.

"Hewa ikishabanwa kwenye mtungi inapoa," Raili alisema. "Ijaze Ijumaa ikiwa ya moto, Jumapili itakuwa baridi sawa na mtungi wenyewe."

"Itapoa kwa nje."

"Na maji je, Ilkka?" niliuliza mimi. "Mvuke si maji hayo hayo?"

Ilkka alinitazama kwa masikitiko. "Shemeji," alisema, "maji ni maji. Mvuke ni mvuke." Na wote mezani wakaitikia kwa vichwa kana kwamba imesomwa dua. Nami niseme kweli, niliitikia pia. Mama yangu alinizaa kwenye sauna, bibi yangu aliogeshwa kwenye sauna alipokufa, na kuna mambo mtu hayakanushi mbele ya watu hata akiona wazi ni upuuzi.

Ijumaa hiyo walipitisha bomba la kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, dirishani mwa sauna. Ilkka alikaa benchi la juu kabisa, uchi wa mnyama, mdomo wa bomba mkono mmoja na kata ya maji mkono wa pili, akimwagia mawe na kupepea kwa matawi ya koivu, mti wetu wa gome jeupe, yale tunayojipigia mgongoni. Alikuwa ameutoa mchujo wa kompresa, ule unaokausha hewa kabla ya kuingia mtungini, kwa hoja kwamba utachuja utamu. Mashine ilikohoa, ikapiga chafya, ikajaza. Ensio alifungua mtungi kidogo akanusa. "Majani ya koivu," alisema, akanusa tena.

Sasa ikabaki kupima. Mitungi mitatu ikawekwa mezani, mmoja wa hewa tupu, mmoja wa argoni, mmoja wa sauna, yote imefunikwa soksi za sufu ili mzamiaji asijue amebeba ipi. Kila mmoja azamie na kila mtungi, na kila atokapo aulizwe kama amesikia baridi. Mpango mzuri, ungefaa kwa binadamu wa kawaida. Tulizamisha watu mwezi wote wa Novemba, tukauliza na kuuliza, na tulichokipata ni kawaida za kujaza gunia.

"Hawa hawawezi kupimwa kwa mdomo," alisema Raili. "Wapimwe kwa mikono."

Akaja na kipimo chake. Anayetoka majini apewe kikombe kilichojaa kahawa hadi ukingoni, atembee nacho kutoka kwenye maji hadi mezani, na kahawa iliyomwagikia kisahani ipimwe kwa kijiko cha dawa. Mwenye baridi hutetemeka, anayetetemeka humwaga. Hapo nilidhani tumewapata. Nilikuwa sijui ukaidi wa hawa watu unafika wapi. Teuvo alikunywa nusu kikombe palepale alipopewa, ya moto hivyo hivyo, akaungua ulimi na kudai alikuwa na kiu. Ensio alijikwaa kwenye jiwe ambalo halikuwepo.

Na Aulis wangu alibana viwiko mbavuni akatembea polepole kama bibi harusi, na hakumwaga hata tone. Wakampigia makofi. Aliketi, akaweka kikombe mezani, lakini mkono hakuuondoa. Watu waliendelea kuzungumza, kahawa ikanywewa, mikate ikaisha, naye bado ameshika kikombe kitupu, mara moja moja anakipeleka mdomoni kama anayekunywa. Hakuna aliyegundua. Mimi niligundua. Vidole vilikuwa vimekataa kufunguka.

Kura zikapigwa, na kwa kuwa vipimo vilionyesha gesi zote ni sawa, watu walichagua kwa mapenzi. Mvuke wa sauna ulishinda. Ikaamuliwa kwamba Jumapili ya kwanza ya barafu nene Aulis atashuka nao hadi kwenye chumba cha wachimbaji, na akitoka ataulizwa mbele ya wanachama. Hapo ndipo jina lake lingebaki au lingefutwa.

Wiki ile, tukiwa jikoni kwetu, nilimtolea nguo nzito ya ndani. Nilikuwa nimemnunulia zamani, nene, laini, ya kuvaa chini ya suti, na ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa dukani chini ya ngazi.

"Vaa hii, mume wangu. Jaza gesi uitakayo, hata ya mkaa, lakini vaa hii."

"Gesi itatosha."

"Kwa nini gesi na si nguo?"

Jibu nilikuwa nalo mwenyewe. Nguo nzito huonekana. Mtu akiivaa anavua mbele ya wenzake na kila mmoja anajua aliyeivaa alikuwa na haja nayo. Gesi haionekani na mtu. Ndiyo maana chama kizima kiliikimbilia.

"Ukiwa chini nikakuuliza kwa kamba," nilisema, "huwa unanijibu nini?"

"Nakujibu niko salama."

"Hata kama hauko salama?"

Alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Nikijibu vingine watanitoa, Sylvi."

"Na ukiendelea kujibu hivyo, siku moja nitavuta maiti inayosema iko salama. Mficha maradhi kifo humuumbua, Aulis."

"Kuna kile chumba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kukitaja. "Nikikaa mle kidogo, taa imezimwa, sioni kama ni mzee. Naona kama nimemletea baba chakula."

Neno hilo lilinipata. Halafu hasira ikarudi, maana mimi hasira yangu haiendi mbali. "Na mimi huku juu ni nani? Ndoano ya ukutani? Sikiliza. Nitakushikia kamba Jumapili. Nikijua umenidanganya, nitaiweka chini niende zangu nyumbani, na watafute mtu mwingine wa kudanganywa. Sikwambii kwa mzaha."

"Najua," alisema.

Jumapili ilikuwa ya baridi kali, ile ambayo pua hushikana kwa ndani ukivuta pumzi. Tundu lilikatwa, soseji ziliwekwa karibu na moto, Ilkka akaja na mtungi kifuani kama aliyebeba mtoto wa ubatizo. Ensio alisema maneno machache kuhusu uvumbuzi na taifa. Aulis alikuwa amevaa zile nguo zake nyembamba za siku zote. Alifungwa kamba, akanitazama, akazama.

Kamba ilipita mikononi mwangu taratibu. Nilivuta mara moja kumuuliza, akajibu mara moja. Ikaendelea kupita. Nikauliza tena. Kimya. Nikahesabu pumzi zangu, nikauliza tena, na sasa likaja jibu, dhaifu, kama samaki anayeonja chambo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Minne," nilisema.

"Mingapi?" Ensio aliuliza.

"Minne. Anataka tumvute."

Wanaume walitazamana. Teuvo alikuna kichwa juu ya kofia. "Labda ni miwili, halafu miwili tena. Anataka kamba zaidi."

"Au mitatu na mmoja," alisema Ilkka. "Narudi, na niko salama."

"Aulis hawezi kupiga minne, shemeji," Ensio aliniambia kwa upole, kana kwamba nimemvunjia mume wangu heshima. "Tunamfahamu mtu huyu."

"Mnamfahamu wapi? Nimelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote, na yeye ndiye kapiga minne. Vuteni."

Raili alikuwa tayari nyuma yangu ameishika kamba. Tukavuta sisi wawili, magoti kwenye theluji, na nilivuta huku nikiwatukana wote mmoja mmoja kwa majina na ukoo. Mwisho aibu ikawaingia nao wakashika. Nilikuwa nasema moyoni, kama yu hai sitamwambia neno baya tena, na papo hapo nilijua nadanganya.

Kichwa kikatokea. Akatoa kile cha kupumulia mdomoni, akahema. Alikuwa hai. Suti ilikuwa imemganda mwilini kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, hata mbavu ungeweza kuzihesabu. Raili alikagua kile kidude cha kujazia gesi, akakigonga, akatoa kipande cha barafu ndani yake. Unyevu wote wa sauna ulikuwa umegandia mle. Aulis alipofika katikati ya safari alibonyeza na kubonyeza, gesi haikuingia hata punje, na maji yakambana hadi baridi ikamwingia kifuani.

Tulimketisha kwenye benchi karibu na moto, tukamfunika mablanketi. Ilkka alishika kile kipande cha barafu kiganjani, akakinusa. Machozi yalikuwa yamemlenga.

Ensio alisimama mbele ya Aulis. Nilimwona anavyotapatapa ndani, maana anampenda, na alikuwa amekwisha kumtafutia mlango wa kutokea. "Kidude cha gesi kiliganda," alisema. "Hilo ni kosa la kifaa. Klipu iliyomshinda sasa hivi nayo imeganda, hata kijana wa miaka ishirini isingemfungukia, kwa hiyo hatuihesabu. Mtu mwenyewe hana tatizo. Limebaki swali tu, kwa sababu lazima liulizwe. Aulis, mbele ya wanachama, ulisikia baridi?"

Wote walikuwa wanamwombea. Ilkka alikuwa anamnong'oneza jibu kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake mtihanini: kawaida, kawaida. Neno moja tu, ambalo amelitamka maisha yake yote bila jasho, na chumba cha baba yake kingebaki chake.

Aulis hakumtazama Ensio. Alinitazama mimi.

"Nilisikia baridi," alisema. "Sana."

Nililia. Sikuona haya. Nilimwonea fahari na nikamwonea huruma kwa mpigo, nikalia machozi yakagandia mashavuni, na hakuna aliyethubutu kunifariji. Teuvo alivua kofia, sijui kwa nini, kama tuko makaburini. Ensio alisimama masharubu yamejaa barafu.

"Basi," alisema. "Kanuni ni kanuni."

"Nifute na mimi," alisema Raili.

"Wewe una nini?"

"Nimesikia baridi tangu siku niliyojiunga."

Kisha Teuvo, kofia mkononi, akasema kwamba siku ile ya heliamu alijua anakufa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba angezikwa kabla ya kumaliza kupaka rangi banda lake. Ilkka alisema yeye ni miguu. Siku zote ni miguu. Analala na soksi mbili mpaka mwezi wa sita na mkewe ameapishwa asiseme. Mmoja nyuma akataja mgongo, mwingine meno, na mmoja alikiri kwamba huwa anajikojolea ndani ya suti kusudi apate joto, hilo hatukulihitaji lakini tayari lilikuwa limetoka. Ensio aliwasikiliza wote hadi wa mwisho, akabaki peke yake.

"Masikio," alisema kwa sauti ndogo.

Tukaingia sauna, na sijawahi kuwasikia watu hawa wakizungumza hivyo. Walisimuliana baridi zao kama vijana wanaosimuliana wachumba, wapi iliwashika, iliwafanya nini, nani alikaribia kusema na akajizuia. Moto ulizimika wenyewe wakiwa bado wanazungumza. Na orodha ya wanaozamia chini ya barafu ikawa haina jina hata moja.

Chama cha wazamiaji kisicho na mzamiaji kina aibu yake. Ensio aliitisha mkutano mwingine, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na ubishi. Kanuni ya zamani ilifutwa ikaandikwa mpya: asiyewahi kusikia baridi haruhusiwi kushuka chini ya barafu, kwa kuwa huyo ni mwongo na kamba haiwezi kumsaidia mwongo. Sasa kila anayetaka kuzama husimama kwanza akasema mbele ya wenzake baridi humshika wapi na safari hii atakaa hadi imfike wapi. Gesi tuliichagua kabla kahawa haijachemka. Tunajaza hewa tupu, kavu, kupitia mchujo, na Raili akiwa na mtungi wa ziada kazini huja na argoni, na hakuna anayesikia tofauti ila yeye. Chini ya suti watu wanavaa manguo mazito kama magodoro.

Aulis alirudi kwenye chumba cha wachimbaji kabla barafu haijayeyuka. Alikaa mle kidogo tu, akarudi mwenyewe, akafungua klipu yake, akaniambia kwamba kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimekufa na angependa kukipasha. Nilikipasha.

Tatizo ni kwamba mlango ukishafunguliwa haufungiki. Nimeishi na bubu nikazeeka naye, na sasa nina mtu mezani ambaye viazi vimemkolea chumvi, kiti kinamchoma, na kaka yangu alimkera tangu siku ya harusi yetu. Majirani wananipa pole. Jana asubuhi alikuja jikoni, akaketi akitazama mikono yake.

"Sylvi," alisema, "naogopa."

"Unaogopa nini?"

Alifikiri. "Kufa, nadhani. Na daktari wa meno, ile miadi ya Alhamisi."

Nilimkatia mkate wa iliki, nikampakia siagi, nikamwambia tuanze na daktari wa meno, na kwamba nitakwenda naye.